Safu ya Ushauri: Mkataba wa kurasa saba, na dalali anataka sahihi Ijumaa

Shikamooni washauri,

Nimeajiriwa miezi michache iliyopita na sasa nataka kuhama kwa wazazi. Nimepata nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, na dalali amenipa mkataba wa kurasa saba. Anataka niusaini na kutuma pesa ifikapo Ijumaa, kwa kuwa anasema kuna watu wengine wawili wanaiwania. Nimeusoma mara kadhaa, lakini yapo mambo yananitatiza.

Kifungu cha 9 kinasema mpangaji atawajibika kwa matengenezo yote ya ndani ya nyumba kwa gharama zake. Kifungu cha 4 kinadai amana ya kodi ya miezi miwili, ila hakisemi itarudishwa lini. Rafiki yangu ameniambia nisihangaike: mwezi wa mwisho nisilipe kodi, nimwambie mwenye nyumba akate kwenye amana. Je, ni sawa?

Mkataba ni wa miezi 12. Kazi yangu inaweza kunihamisha kabla ya hapo, na sijaona popote panapoeleza itakuwaje nikiondoka mapema. Halafu rafiki yangu huyo huyo angependa tukae pamoja tugawane kodi nusu kwa nusu. Dalali amesema jina la kwenye mkataba ni langu peke yangu, mengine tutajuana wenyewe.

Nilipokwenda kuiona nyumba, bomba la sinki la jikoni lilikuwa linadondosha maji, na kwenye ukuta wa chumba unaopakana na bafu kuna doa la unyevu la ukubwa wa sahani. Dalali akasema hayo ni madogo, yatatengenezwa nikishahamia. Amana na kodi ya mwezi wa kwanza natakiwa kutuma kwenye akaunti yake yeye.

Sijawahi kupanga, na sitaki kuanza maisha kwa ugomvi. Wajibu wangu hasa ni upi, na wa mwenye nyumba ni upi?

Mpangaji Mtarajiwa

*

Marahaba, na hongera kwa kazi. Umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu kabla ya sahihi kifungu kibaya hufutwa kwa kalamu, baada ya sahihi hufutwa kwa wakili.

Tuanze na jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo la haraka zaidi: pesa. Usitume chochote kwenye akaunti ya dalali mpaka umjue anayepangisha na uthibitishe kuwa nyumba ni yake. Omba kuona hati ya umiliki, na kama dalali ndiye atakayesaini au kupokea kodi, omba barua ya mwenye nyumba inayompa mamlaka hayo. Kisha linganisha majina: la kwenye hati, la kwenye kitambulisho, la kwenye mkataba na la kwenye akaunti ya benki. Yasipofanana, tofauti hiyo ielezwe kwa maandishi na mwenye nyumba mwenyewe. Ofisi ya ardhi ikiruhusu upekuzi wa hati, fanya, na muulize mlinzi au jirani wa mlango wa pili nyumba ni ya nani. Utapeli unaojirudia kila mahali ni wa mtu aliyeipanga nyumba kwa muda mfupi, akawaonyesha watu watatu ndani ya wiki moja, akapokea amana tatu na kutoweka. Chombo chake kikuu ni kukuharakisha. Hatusemi dalali wako ni tapeli. Tunasema kwamba aliye halali hapotezi kitu ukikagua.

Utakapolipa, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na risiti itenganishe amana na kodi kwa mistari miwili. Risiti inayosema tu "malipo ya nyumba" itakusumbua siku unayodai amana yako.

Sasa kifungu cha 9. Hicho ndicho kibaya kuliko vyote kwenye mkataba wako, kwa sababu kimeandikwa kwa upana usio na ukingo. Bomba lililofukiwa ukutani ni la ndani. Nyaya za umeme ni za ndani. Ukisaini hivyo ulivyo, bomba lililotiwa miaka 20 iliyopita likipasuka usiku, mwenye nyumba atakuonyesha kifungu hicho.

Mgawanyo unaokubalika katika sheria za nchi nyingi ni huu. Mwenye nyumba anabeba mwili wa jengo na mifumo yake: paa, kuta, sakafu, mabomba, nyaya, mifereji ya maji machafu, na vifaa alivyovifunga yeye, kama hita ya maji. Mpangaji analipa kodi kwa wakati, anaitumia nyumba kwa uangalifu, anaiweka safi, anatengeneza alichoharibu yeye au mgeni wake, na anatoa taarifa mara kitu kinapoharibika. Baadhi ya nchi hazimruhusu kabisa mwenye nyumba kumtwisha mpangaji mzigo wa jengo hata kama ameusaini, lakini usitegemee kwenda kulithibitisha hilo mahakamani. Omba kifungu kiandikwe upya, kwa maneno kama haya:

"Mpangaji atalipia vitu vidogo vinavyochakaa kwa matumizi ya kila siku, yaani balbu, washa za mabomba (vipira vya ndani vinavyozuia maji), betri, na kuzibua sinki lililozibwa na taka zake, kwa gharama isiyozidi asilimia 5 ya kodi ya mwezi kwa tukio moja. Matengenezo mengine yote ya jengo, mabomba, nyaya na vifaa vilivyofungwa ni ya mwenye nyumba, isipokuwa uharibifu umesababishwa na mpangaji au wageni wake. Mwenye nyumba ataanza matengenezo ndani ya siku 7 baada ya taarifa ya maandishi, na ndani ya saa 24 kwa maji yanayovuja au hitilafu ya umeme."

Kiwango hicho cha asilimia kinajadilika. Ukingo wenyewe uwepo.

Katika wajibu wako, unaosahaulika zaidi ni taarifa. Wapangaji wengi wanaogopa kuonekana wasumbufu, wanakaa kimya na uvujaji miezi minne, kabati la chini ya sinki linaoza, kisha wanashangaa kukatwa amana. Kwa upande huo mwenye nyumba ana hoja: hakuweza kuzuia asichokijua. Taarifa nzuri haizidi mistari mitano. Taja tarehe, mahali hasa, unachokiona, tangu lini, na unachoomba, kisha ambatisha picha. Ukipiga simu, fuatisha na ujumbe: "Kama tulivyozungumza leo mchana..." Hata tone moja kwa kila sekunde ni lita 20 hivi kwa siku, na mita inazihesabu kwa jina lako.

Bomba la jikoni kwako ni jambo jepesi. Likidondosha maji ingawa limefungwa, kwa kawaida washa ya ndani imeliwa, na fundi bomba humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Ikiwa maji yanatokea kwenye shina chini ya mkono wa bomba, ni pakingi, yaani kizibo kinachozunguka shina hilo. Vyovyote iwavyo, limeharibika kabla hujaingia, kwa hiyo si lako.

Doa la ukutani ndilo la kukukosesha usingizi kidogo. Unyevu una vyanzo vitatu vinavyofanana kwa macho, na kila kimoja kina mlipaji wake. Kama ni bomba la maji safi au la maji machafu la bafuni linalovuja, ni la mwenye nyumba. Kama maji ya kuogea yanapenya kwenye nyufa za vigae au silikoni iliyochanika pembeni ya beseni, nalo ni lake, ila ukilikuta na ukakaa kimya linaanza kuwa lako. Kama ni mvuke unaoganda ukutani kwa sababu chumba hakipitishi hewa, watasema ni wewe unayeanika nguo ndani na kufunga madirisha. Ndiyo maana chanzo kijulikane kabla ya Ijumaa.

Omba kurudi mara mbili, siku mbili mfululizo. Mara ya kwanza futa doa likauke juujuu, kata karatasi ya alumini ya sentimita 30 kwa 30 hivi, ibandike juu yake kwa utepe kingo zote nne hewa isipite. Chora pia mstari wa penseli kuzunguka ukingo wa doa na uandike tarehe. Rudi baada ya saa 24 hadi 48. Ukibandua karatasi ukakuta majimaji upande uliogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Doa likiwa limevuka penseli, kuna maji yanayoendelea kuja.

Ukiwa hapo, funga mabomba yote, soma mita ya maji hadi tarakimu ya mwisho, usitumie maji nusu saa, kisha isome tena. Ikiwa imesogea, maji safi yanavuja mahali fulani. Kabla ya kuulaumu ukuta, ondoa shaka ya choo: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji kwa dakika 30, na kama rangi imeshuka kwenye bakuli, valvu ya tangi haizibi. Mita isiposogea kabisa lakini doa linakua watu wanapooga, tafuta kwenye bomba la maji machafu au vigae.

Ukijua hayo, usikubali ahadi ya mdomo kuwa vitatengenezwa ukihamia. Dalali akishapata ada yake, si yeye utakayempigia simu. Omba kiambatisho cha mkataba, nusu ukurasa tu: "Mwenye nyumba atatengeneza bomba la jikoni na chanzo cha unyevu kwenye ukuta wa chumba kabla ya tarehe fulani. Yasipokamilika, mpangaji anaweza kuahirisha kuanza kwa mkataba bila kudaiwa kodi ya siku hizo." Kupaka rangi juu ya doa hakuhesabiki kuwa matengenezo, na kiambatisho kiseme hivyo.

Siku ya kukabidhiwa funguo, tenga saa moja na nusu ya mchana, nyumba ikiwa tupu, kabla hujaingiza hata kiti. Hapa ndipo amana yako inapookolewa au kupotea. Wajibu wako wa mwisho ni kurudisha nyumba ilivyokuwa, na bila kumbukumbu hakuna anayejua ilikuwaje. Tembea chumba kwa chumba ukirekodi video bila kukata, ukisema tarehe na jina la chumba, kisha piga picha za karibu za kila kasoro, ukiweka rula au funguo pembeni ili ukubwa uonekane. Fungua kila dirisha, kila droo, kila kitasa. Chomeka chaja ya simu kwenye kila soketi. Vuta choo mara mbili mfululizo. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja uone nguvu ya maji inavyoshuka. Kwenye kisanduku cha umeme tafuta kitufe kidogo chenye herufi T: ukikibonyeza, swichi ya kinga inatakiwa kukata umeme papo hapo. Isipokata, kinga dhidi ya kupigwa na umeme haifanyi kazi, na hilo liandikwe siku hiyo hiyo. Ulizia valvu kuu ya kufunga maji ilipo na uizungushe kwa mkono wako, maana valvu iliyokwama huigundua vibaya sana maji yakiwa yamefika sebuleni.

Ukikuta harufu ya mfereji kwenye nyumba iliyokaa bila mtu, usiogope kwanza. Kona ya bomba chini ya sinki hushikilia maji kidogo yanayozuia hewa chafu, na maji hayo hukauka nyumba isipotumika. Mimina lita moja kila shimo, subiri saa moja. Harufu ikibaki, kuna bomba lililoachia.

Soma mita za maji na umeme mbele ya anayekukabidhi, mziandike kwenye fomu ya makabidhiano, hesabuni funguo, msaini nakala mbili. Tuma picha na video kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ijishuhudie.

Kuhusu amana, rafiki yako amekushauri vibaya. Amana ni dhamana dhidi ya uharibifu na madeni, haigeuki kodi kwa uamuzi wako wewe. Usipolipa mwezi wa mwisho unakuwa mdaiwa wa kodi, na uharibifu ukionekana baada ya hapo utadaiwa zaidi, huku umevunja mkataba na kupoteza barua nzuri ya kukuombea nyumba nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo usizuie kodi kama njia ya kulazimisha matengenezo, isipokuwa sheria ya kwenu inaruhusu waziwazi na umefuata hatua zake.

Kodi ya miezi miwili yenyewe inaweza kuwa halali au isiwe, kutegemea uliko. England, kwa nyumba nyingi, amana haizidi kodi ya wiki 5. Ujerumani kikomo ni miezi 3, bila kuhesabu gharama za huduma. Angalia kikomo cha kwenu. Kifungu cha 4 kiongezewe tarehe, kwa mfano siku 14 au 30 baada ya kurudisha funguo, na kwamba kila makato yaorodheshwe pamoja na risiti.

Kisha ujue tofauti ya uchakavu na uharibifu. Rangi iliyofifia kwa jua, zulia lililolala pale watu wanapopita, bawaba iliyolegea: huo ni uchakavu wa kawaida, unalipwa na kodi. Kigae kilichopasuliwa, mlango uliotobolewa, alama ya pasi kwenye zulia: huo ni uharibifu. Hata hapo hulipii kitu kipya badala ya kikuukuu. Zulia linalotarajiwa kudumu miaka 10, likiwa na miaka 6 ulipoingia, ukakaa mwaka mmoja ukaliunguza, lilikuwa limebakiza miaka 3. Dai la haki ni asilimia 30 ya bei yake.

Rafiki yako asihamie kwa utaratibu wa "mtajuana". Jina likiwa lako pekee, mbele ya mwenye nyumba mdaiwa ni wewe, hata kama aliyevunja dirisha ni yeye au nusu yake ya kodi haikuja. Tena mikataba mingi inakataza kumpangisha mwingine bila idhini, na hilo linaweza kuwa sababu ya kukutoa. Mnaweza kuingia wote wawili kwenye mkataba, lakini mjue kwamba kwa kawaida kila mmoja atadaiwa kodi nzima, si nusu, mwenzake akishindwa. Au upate idhini ya maandishi, kisha muandikiane ninyi wawili: nani analipa nini, siku 3 kabla ya tarehe ya kodi, nani ametoa kiasi gani cha amana, na anayetaka kuondoka anatoa notisi ya siku ngapi. Kwa kuwa rafiki huyu ndiye anayeona kodi ya mwisho si lazima kulipwa, tungependelea njia ya kwanza, ili naye saini yake imbane.

Kuondoka mapema: mkataba wa muda maalumu usiosema kitu kwa kawaida unakufunga miezi yote 12. Katika baadhi ya nchi mwenye nyumba analazimika kutafuta mpangaji mwingine badala ya kukudai miezi iliyobaki, si zote. Omba kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba baada ya miezi 6 kwa notisi ya mwezi mmoja, au hata mapema zaidi ukiwa na barua ya uhamisho kutoka kwa mwajiri. Soma vizuri notisi inavyohesabiwa. Ikiwa inaanza siku ya kodi inayofuata, ukiitoa tarehe 5 Machi itaanza kuhesabiwa tarehe 1 Aprili na kuisha tarehe 30, yaani unalipa karibu miezi miwili. Itoe siku moja au mbili kabla ya tarehe ya kodi, kwa maandishi, na upate uthibitisho wa kupokelewa.

Jambo dogo kuhusu vitu vyako: bima ya mwenye nyumba, kama ipo, inalinda jengo. Kompyuta yako na kitanda chako havimo.

Siku ya kutoka, rudia video ile ile kwa mpangilio ule ule wa vyumba, ziba matundu ya misumari, soma mita, na ukabidhi funguo zote mkononi mwa mtu atakayesaini kuzipokea. Usiziache kwa jirani wala juu ya meza. Katika mikataba mingi nyumba inahesabika iko kwako mpaka funguo ya mwisho irudi, na kodi inaendelea kuhesabiwa hadi siku hiyo.